Nta ya Bibi wa Chuku

"Mgongo ule ulikuwa wa nani?"

Jumbe aliniuliza hivyo mbele ya mtaa mzima, pale Mwanjelwa, nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimevaa gauni la shule, na mama alikuwa amenipaka mafuta miguuni kama siku ya Jumapili. Maswali mengine yote nilikuwa nimeyajibu bila kusita. Hilo moja lilinishinda, na kwa sababu lilinishinda, jirani yetu alipoteza nyumba yake. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza. Walimu wangu waliita kiburi, baba akaita elimu. Mimi najua jambo hilo lilikoanzia.

Jirani huyo tulimwita Bibi wa Chuku, wakubwa kwa watoto. Jina lake nililisikia mara moja tu, siku hiyo ya baraza, likitamkwa kama kitu kilichooza, kwa hiyo siliandiki. Alikotoka pia sikujua. Mmoja alisema Kilwa, mwingine Bagamoyo, mwingine Tabora, na yeye mwenyewe alikubali yote kulingana na aliyeuliza. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu, mfupi, mwenye mashavu yaliyobonyea na mikono mikubwa kuliko mwili wake. Kiswahili chake kilitufanya sisi tunaoongea Kinyakyusa nyumbani tuone haya. "Si kikombe yangu, mwanangu," aliniambia kila mara. "Kikombe changu. Kikombe hakijakukosea kitu, kisemee vizuri."

Kazi yake ilikuwa kuumika. Chuku ni pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha, ikaachwa na tundu dogo. Mtu mwenye kichwa kisichopoa au mabega yaliyokaza alilala kifudifudi mkekani. Bibi alimpangusa kwa maji ya moto, akabandika mdomo mpana wa pembe juu ya ngozi, akanyonya hewa kwa lile tundu mpaka pembe ikashika. Kisha aliibandua, akachanja kidogo kwa wembe, akairudisha pembe palepale na kunyonya tena. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi, imeganda kama ini. Aliimimina katika bakuli la majivu na kwenda kuifukia kwenye migomba nyuma ya nyumba. Pembe ilishikaje baada ya yeye kuondoa mdomo? Hilo sikujiuliza. Mimi ninayejidai kuuliza kila kitu.

Alikuwa na pembe tano. Nne zilikuwa za ng'ombe, na moja ndogo ya swala, ya kuwekea kwenye paji la uso. Alizisugua kwa majivu na kuzianika ukutani upande wa barabara, kila mtu azione. Alizisemesha. "Wewe leo umekuwa mvivu," aliiambia mojawapo, akiigeuza juani. "Mwenzio amefanya kazi ya watu wawili."

Watu walimlipa kwa maharage, kwa ndizi, kwa kuku. Kuku hao walizeekea kwake, maana yule mwanamke aliyeishi kwa kutoa watu damu hakuweza kumtazama kuku akichinjwa. Ilipofika Idi alimwita mwalimu wa madrasa, akamkabidhi jogoo mmoja, akajifungia ndani na kutia vidole masikioni. Hakutoka mpaka aliposikia harufu ya vitunguu. Baba yangu alisema nyumba ya bibi ndiyo pepo ya majogoo, na hata yeye, mzee wa kanisa, aliona afadhali ahamie huko.

Na jambo la ajabu zaidi: aliwaogopa mumiani.

Miaka ile ya hamsini mwanzoni kila mtu aliwaogopa. Ilisemekana kuna watu walioajiriwa na Wazungu kukamata wapita njia, kuwanyonya damu kwa mpira, na kuipeleka kutengenezwa dawa. Gari lolote lisilofahamika lilikuwa lao. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga dirisha. Siku watu wa hospitali walipokuja mtaani kutoboa watu vidole ili kupima malaria, nilimkuta amechutama kwenye migomba yetu, kanga imefunika kichwa.

"Bibi, unajificha nini?"

"Inama, watakuona."

"Ni tone moja tu. Shuleni tumetobolewa wote."

"Usicheke. Sindano ile ina tundu. Kitu chenye tundu hakijui kushiba."

Baba alipopata habari alimchokoza kisimani. "Bibi, wewe mwenyewe si unatoa watu damu?"

"Mimi natoa mbaya, mzee. Wale wanataka nzuri. Ya kwangu nani ataitaka?"

Baba alicheka, lakini kanisani hakucheka. Sheria ya kanisa letu ilikuwa wazi. Mkristo aliyekwenda kwa mganga au kwenye chuku alitengwa na meza ya Bwana, akakaa benchi la nyuma miezi sita, mbele ya macho ya wote. Akiwa ni mtu wa nyumba ya mzee wa kanisa, mzee mwenyewe alivuliwa uzee wake. Baba aliisoma sheria hiyo kwa sauti kila mwaka, nasi tulijivuna kwa jinsi alivyoisoma. Hata hivyo mlango wa nyuma wa bibi ulitumika kuliko wa mbele. Wanawake wa kanisa waliingia kwa kupitia migombani, wamejifunika uso. Kesho yake walipokutana naye barabarani, bibi aliwasalimia kama watu asiowajua vizuri. "Hujambo mama? Siku nyingi sijakuona." Mwanamke yule aliyeshindwa kuficha hata kwamba amekula nini asubuhi, aliyetangaza mtaa mzima choo chake kilipombomokea, hakuwahi kumtaja hata mtu mmoja aliyelala kwenye mkeka wake. Hilo sikuliona wakati ule. Niliona pembe tu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, baada ya shule. Nyumbani hapakuwa na mtu. Ungo wa bibi ulikuwa kwetu tangu juzi, nikaona niurudishe. Nilibisha hodi, hakuna jibu. Nikabisha tena, nikaingia. Chumba chake cha kazi kilitengwa kwa kaniki iliyotundikwa, na kaniki ile ilikuwa na mwanya.

Niliona mgongo wa mwanamke, wazi mpaka kiunoni, na kichwa kimefunikwa kwa kanga ya bibi mwenyewe. Pembe mbili zilikuwa zimesimama juu yake. Bibi alikuwa ameiinamia ya tatu, mashavu yameingia ndani. Kisha akainua uso. Mdomo wake ulikuwa na wekundu pembeni, na alikuwa anatafuna. Alitafuna polepole, kama mtu anayekula nyama ngumu, huku akinitazama. Hakuniambia toka, hakuniambia subiri. Kama angenifukuza kwa matusi, ningerudi nyumbani nikijua nimemwona mtu. Alinyamaza, akatafuna, nami nikauacha ungo na kukimbia.

Nilimwambia rafiki yangu mmoja. Nilimwambia kwa sababu niliogopa, na pia, kusema kweli, kwa sababu ilikuwa habari nzuri.

Haikupita wiki mbili, fundi matofali aliyepanga jirani na bibi akatoweka. Kalibu zake zilibaki na udongo ndani. Mkewe alizunguka akiuliza, na kila alipouliza alikuta habari yangu imemtangulia. Ilikuwa imekua. Mgongo ulikuwa sasa wa mwanamume, bakuli limekuwa debe. Mtu mmoja aliapa kwamba alikuwa ameona gari jekundu likisimama nyuma ya migomba. Vijana walikwenda kufukua pale bibi alipofukia, wakakuta damu na majivu, wakarudi na koleo juu kama bendera. Wengine walikuwa wameshashika kiberiti. Jumbe akaitisha baraza kesho yake asubuhi.

"Sema kweli tupu," baba aliniambia njiani, ameniwekea mkono begani. "Ulichokiona, basi."

Nikasema. Nilisema alinyonya. Nilisema alitafuna.

"Akameza?" Jumbe aliuliza.

Je, alimeza? Nilikuwa nimeona taya zikienda, na koo, nadhani, koo pia. Watu wote walikuwa kimya kwa ajili yangu. Hakuna aliyewahi kunyamaza ili anisikilize mimi.

"Akameza," nikasema.

Watu wakaguna. Ndipo Jumbe, ambaye hakuwa mtu mbaya na alitaka shahidi wa pili, akauliza mgongo ule ulikuwa wa nani. Akisimama huyo mtu akasema mimi ndiye, nimeumikwa, nimepona, mzima huyu hapa, basi maneno yameisha. Mimi nikasema sijui, uso ulifunikwa. Akamgeukia bibi.

"Bibi, tusaidie. Alikuwa nani?"

"Mgonjwa."

"Jina lake."

"Anajijua. Akitaka atasema."

"Hujui kwamba unajimaliza mwenyewe?"

"Najua, Jumbe. Mimi ni mzee, si mjinga."

Jumbe aliwatazama wanawake waliokaa upande wa kushoto, mmoja mmoja. Kuna aliyekuwa anafunga mtoto mgongoni, kuna aliyekuwa anachora chini kwa kijiti. Mama yangu alikuwa miongoni mwao, amemlaza mdogo wangu magotini. Nusu yao, leo ninavyojua, walikuwa na alama za bibi mwilini. Hakuna aliyesimama.

Jumbe aliamua ahame ndani ya siku saba, kwa usalama wake. Alihama siku ya tatu. Pembe alizifunga kwenye kitambaa na kuziweka kichwani. Kuku aliwaacha, na vijana waliokuwa na kiberiti ndio waliowala. Alipopita mbele ya nyumba yetu nilikuwa mlangoni. Alisimama.

"Ungo wangu uliufikisha," alisema. "Ahsante."

Jioni ya baraza baba alinisifu mbele ya chakula. Mama aliweka ugali mezani, hakukaa. Alichukua ndoo akaenda kisimani, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Fundi matofali alirudi mwaka uliofuata. Alikuwa amekwenda kwenye migodi ya Rhodesia bila kumuaga mkewe, akarudi na santuri na viatu vya rangi mbili. Mtaa mzima ulikwenda kusikiliza santuri. Nilingoja mtu aseme neno kuhusu bibi. Hakusema hata mmoja. Nilimuuliza baba: kama fundi yupo, basi bibi alikosa nini? Baba alisema, "Damu si uliiona mwenyewe?" Nikamuuliza mama. Mama alisema twende tukachambue mchele.

Nilikwenda kusoma, nikapanda darasa baada ya darasa, mpaka chuo kikuu cha Kampala. Huko, mwalimu mmoja mgeni, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, alitusomea siku moja shairi la kwao. Lilimhusu bibi mzee aishiye peke yake mwisho wa kijiji. Usiku hujivua ngozi kama nguo, akaikunja na kuiweka kinuni, akaruka angani kama mpira wa moto, akaingia kwa tundu la ufunguo na kunyonya damu ya waliolala. Ukitaka kumshika, mwalimu alieleza, unamwaga mchele mlangoni. Hawezi kupita bila kuuhesabu punje kwa punje, na jua linamkuta hapo akiwa hana ngozi.

Wenzangu walilisifu. Lilikuwa shairi zuri kweli, nami nililisoma tena na tena kutafuta kasoro. Mwishowe niliuliza, "Shahidi ni nani?" Mwalimu hakuelewa. Nikasema, katika shairi lote hakuna mtu aliyemuuliza yule bibi neno lolote. Nani alimwona? Huyo aliyemwona alikuwa na umri gani? Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema kwao bibi wa namna hiyo alikuwepo kila kijiji, na mwenyewe alikuwa amemrushia mmoja mawe alipokuwa mtoto.

Likizo iliyofuata nilishuka Iringa kwa shangazi yangu. Shangazi, bila kujua anachonipa, alinitajia mwanamke wa chuku aliyekuwa Igowole, ambaye hata wake za makarani wa mashamba ya chai walimwendea. Nikaenda kesho yake. Ilikuwa inanyesha ile mvua ya Mufindi isiyo na matone, inayolowesha tu. Nilimkuta barazani, amejifunga mashuka mawili, amekuwa mdogo kama mtoto. Pembe zilikuwa ukutani. Sasa zilikuwa nne.

"Kamwene," nilimsalimia kama watu wa huko.

"Kamwene." Akanitazama sana. "Hee. Shahidi wangu."

Nilipiga magoti. Nilisema tu, "Bibi, nilisema umemeza."

"Nilikusikia. Nilikuwa nimekaa mbele yako."

"Sikuona ukimeza."

"Najua. Inuka, saruji ni baridi, na hayo magoti utayahitaji." Aliniwekea kigoda. "Umeolewa?"

"Bado. Nasoma."

"Bado unasoma? Hayo maandishi hayaishi?"

Nikamsimulia shairi, sijui kwa nini. Labda nilitaka amhukumu yule mwenzake. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande.

"Ngozi anaiweka wapi?"

"Kinuni."

"Wakija kutwanga je?" Alitikisa kichwa. "Na mchele anauhesabu wote?"

"Mpaka jua linamkuta."

"Basi huyo hana kazi. Mimi ningeuzoa nikapike."

Aliingia ndani, na kweli alikuwa amepika. Wali ulikuwa mweupe, mrefu, unaonukia. Nikashangaa kuona mchele wa Ubaruku huko kwenye baridi. Nilisema hivyo, maana mchele ule tuliujua. Mjomba wangu alilima huko, na mama alikwenda kila mwaka kumsaidia kuvuna.

"Mtu huniletea," bibi alisema. "Kila mwaka baada ya mavuno. Kula."

Tulipomaliza nilimwambia mabega yangu yanauma kwa kuinamia vitabu, na ilikuwa kweli. Alinikagua kwa ile mikono yake mikubwa, akabonyeza, akasema kuna damu ya miaka mingi hapo. Kabla hajaanza alichovya vidole kwenye kikopo, akatoa kibonge cha nta ya nyuki, cheusi kama lami, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Hiki ndicho nilichokuwa natafuna," alisema. "Unailainisha mdomoni. Ukimaliza kunyonya, unaziba nayo tundu kwa ulimi, upesi, kabla hewa haijarudi. Pembe inashika. Ukifungua mdomo kumwambia mtoto wa watu atoke, nta inaanguka na mgonjwa anaumia bure."

Nta ilikuwa na alama za meno. Nilikaa nimeishika.

"Bibi, ungewaonyesha hii pale barazani."

"Niliwaonyesha vijana walipokuja na koleo. Walisema nimefinyanga damu."

"Basi ungemtaja mgonjwa. Ungebaki na nyumba yako. Mgongo ule ulikuwa wa nani?"

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama siku ile ya kaniki. Kisha akaichukua nta kutoka kiganjani mwangu, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna. Akanionyesha mkeka kwa kidole.

Nililala. Maji ya moto, pembe, mvuto ule kama mtu anakuinua kwa ngozi. Wembe sikuusikia sana. Nilihesabu: chale tatu za kusimama, sambamba, na ya nne chini yake, ya kulala. Baadaye, alipokuwa anafukia majivu, nilimuuliza kwa nini ya nne anailaza.

"Kila mtu ana mkono wake," alisema. "Mimi nailaza. Mgonjwa akirudi baada ya miaka, najua kama ni kazi yangu au ya mwingine."

Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa na mashuka yake. Sikumwona tena. Shangazi aliniandikia barua msimu wa baridi uliofuata, mstari mmoja katikati ya habari za mahindi, kwamba yule mwanamke wa chuku wa Igowole amefariki na kuzikwa na majirani.

Nilimwambia mama habari hiyo siku niliyorudi nyumbani. Alikuwa anapepeta. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki mtupu, na bado aliendelea. Mwaka huo hakwenda Ubaruku.

Mama alifariki miaka mingi baadaye, kwa kile kichwa chake kisichopoa, ambacho baba alikiombea maisha yote. Baba alikuwa ametangulia, bado ni mzee wa kanisa, hajawahi kuvuliwa. Wanawake walipoingia kumwosha mama waliniita, kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa. Maji ya uvuguvugu yalikuwa kwenye beseni, na shangazi alikuwa ameshika kitambaa. Tukamgeuza ubavu.

Kati ya mabega yake, kutoka chini ya shingo kwenda kiunoni, palikuwa na safu saba za chale za zamani, ndogo, zimepauka: tatu za kusimama na ya nne ya kulala, tatu za kusimama na ya nne ya kulala. Saba. Safu mojawapo ilichanjwa Alhamisi moja baada ya shule, nami nilikuwa nimesimama hapo, nimeshika ungo.